Jani la Vijitundu

To… to… to. Tone la maji likiangukia kifuniko cha kopo la maziwa. Mpaka leo bomba likivuja mahali popote nageuka kutafuta tangi letu la samaki, halafu najicheka peke yangu.

Tangi hilo Baba alilitengeneza mwenyewe. Alikuwa fundi wa vioo vya madirisha pale mtaa wa Mahabibo, mjini Mahajanga, Madagaska. Miaka ya sabini ilipokuwa inaelekea ukingoni kazi zilipungua, akaunga kwa puti vioo vilivyobaki, akaniletea visamaki vitatu kutoka mashamba ya mpunga ya Belobaka. Kona moja puti haikushika. Ndiyo sababu ya kile kifuniko.

Mama hakuwapo. Alikuwa kwao, kisiwani Nosy Be, amekwenda kumuuguza bibi. Niliambiwa hivyo, na mimi wa miaka tisa nikiambiwa jambo naliamini lote, tena kwa furaha.

Siku moja Mjomba Humadi, kaka yake Mama, alikuja kutoka Nosy Be na chupa yenye mdomo mpana, ndani mna mmea wenye majani machache. Jamani, jani lake! Halikuwa na nyama, ni mishipa mitupu na vijitundu, kama kofia ambazo wanawake wetu wa Kingazija hushona kwa sindano miezi na miezi. Chini yake kiazi kidogo chenye manyoya.

"Mama yako kautoa kijitoni kwa mkono wake," Mjomba alisema, macho sakafuni. "Anasema uupande kwenye tangi lako. Ukishika chini ukasimama, umwandikie."

"Nikimwandikia atakuja?"

"We andika tu, mama."

Kisha akachukua kilichomleta, sanduku la nguo za Mama. Lilikuwa zito. Nikashika mpini wa pili nikamsaidia hadi barabarani, huku naimba.

Nilidhani kupanda ni kazi ya siku moja. Nilichimba mchanga nikafukia kiazi chote; kufika adhuhuri kinaelea, na majani yamelala juu ya maji kama watu waliozimia. Nikaweka jiwe, jiwe likavunja jani moja. Baba akanipa chubwi, kile kipande cha risasi cha mshipi wake wa kuvulia, tukakifunga chini ya kiazi. Siku mbili tu, samaki wakachokoachokoa, mmea huo juu.

Mwisho nikafungua kopo la sindano la Mama. Kofia aliyokuwa akimshonea Baba ilikuwa humo, imefika nusu. Sikuigusa. Nilikata uzi wake tu, ule mweupe, nikafunga kiazi kwenye kokoto mizunguko saba. Hapo kikatulia. Ila kila asubuhi, msinicheke, nilikuwa naufungua uzi nione kama mizizi imetoka.

Shangazi Zaina, dada yake Baba, akanikuta.

"We Rukia! Mgonjwa unayemfunua shuka kila saa atalala lini?"

"Nataka kujua kama umeshika, nimwandikie Mama."

Nilingoja anitanie, maana ulimi wake ulikuwa haumwachi mtu. Badala yake akafuta kioo kwa ncha ya nguo yake, upande ambao haukuwa na maji wala vumbi.

"Basi uache siku saba," akasema. "Usiuguse."

Nikauacha. Wakati mwingine nilikalia mikono yangu ili isiende. Siku ya saba uzi ulikuwa umeoza, mmea uko juu, majani mawili yamekuwa kahawia na yananuka. Jani zima lilibaki moja.

Nilikuwa mtu mzima ndipo nikaelewa. Talaka ilikuwa imeshatoka kabla ile chupa haijafika. Mjomba alijua, Shangazi alijua, pengine hata samaki walijua. Mama hakuwa na njia ya kurudi, wala hakuwa na mdomo wa kuniambia, akanitumia kazi ya mikono ya kunipitishia siku. Simlaumu. Baadaye nilijifunza hata kwamba kiazi kile hakifukiwi chote, kichwa chake huachwa nje kipumue. Angejua mtu mmoja nyumbani mwetu! Lakini wakati ule nilijua mambo mawili tu: siwezi kumwandikia Mama uongo, na siwezi kukaa bila kumwandikia.

Basi mchana mmoja, Baba kazini na Shangazi sokoni, nilivuta kigoda, nikatandika karatasi ya daftari kando ya tangi. Nikazamisha mkono wa kushoto hadi kiwiko kikapotea, nikakibana kiazi mchangani kwa vidole viwili. Jani likasimama. Samaki wakaja kunusa mkono wangu. To, kifuniko kikalia. Na kwa mkono wa kulia, bila kuachia, nikaandika kwa herufi zangu kubwa za shule: Mama, umesimama.