Halima Si Binti Hawa

Mimi si mtu wa kuona majini kila kona. Ninapanga safari za malori kule Clairwood, kazi ya kugombana na madereva kutwa nzima, na anayenijua anajua sina simile. Kwa hiyo nikikuambia kwamba mwaka 2011, mchana kweupe, niliongea na mwanamke aliyekufa kabla Durban haijawa na taa za barabarani, usicheke. Sikuota, wala sikuwa na homa.

Yote yalianzia ofisini. Mzee mmoja wa Kizungu, mwenzangu kazini, alikuwa amebandika ukutani ukoo wake wote hadi kwa babu aliyeshuka melini wakati Natal ni koloni changa. Kila mgeni lazima aonyeshwe. Siku moja akaniuliza, "Na nyinyi je, mlitoka wapi?" Nikamjibu kwamba na sisi tulishuka melini hapohapo, zama hizohizo. Wetu walikamatwa kuwa watumwa, Waingereza wakawaokoa baharini, kisha badala ya kuwarudisha makwao wakawaleta Natal kufanya kazi. Lakini nilipofika nyumbani Chatsworth, swali lake lilikuwa bado limenikaa kichwani.

Sisi Wamakua tunahesabu ukoo kwa mama. Na mtu akizikwa, maalim husoma talkini, yaani humwita maiti pale kaburini kwa jina la mama yake na kumkumbusha majibu ya kuwapa malaika. Ndiyo maana majina ya mama zetu hayakupotea: mama yangu Salama, bibi yangu Rukia, na mama yake Rukia, Halima, aliyeshushwa Durban akiwa mtoto mdogo. Hapo ndipo kamba inapokatika. Halima hakulijua jina la mama yake. Alikuwa akimwita Mama, basi, kama mtoto yeyote. Na asiyejulikana mama yake huitwa binti Hawa, kwa kuwa Hawa ni mama wa watu wote. Halima akazikwa hivyo. Nililitaka jina la huyo mama yake kwa hasira, nakuambia! Niliuliza wazee, niliuliza msikitini, sikupata kitu.

Ijumaa moja nikaenda peke yangu kwenye makaburi yetu ya zamani kule Bluff, tulikokuwa tukiishi kabla serikali ya makaburu haijatuhamishia Chatsworth. Upepo wa bahari ulikuwa mkali, ulinivua mtandio nikauokota kwenye miiba. Nikasoma Fatiha, nikamalizia kwa sauti, "Halima binti Hawa."

"Huyo si mtoto wa Hawa."

Nikageuka. Alikuwa mwanamke kijana, wa umri wa binti yangu, amefunga kitambaa cha buluu kifuani, usoni kapaka msiro, ile dawa nyeupe ya ngozi wanayopaka wanawake wa kwetu. Nikaona jambo moja: upepo wote ule, na kitambaa chake hakikutikisika hata kidogo. Tena alisema Kimakua. Kimakua changu mimi ni cha salamu na matusi tu, lakini amini usiamini, kila neno nililielewa.

"Huyo ni wangu mimi," akasema. "Ninamtafuta tangu waliponinyang'anya. Kila nikisikia Halima anaitwa, anaitwa kwa mama mwingine, nami napita."

Wewe ungefanya nini? Miguu yangu ilitaka kukimbia. Mdomo, kama kawaida yake, ukatangulia. "Nitajuaje kama hunidanganyi?"

Hakukasirika. Akajigusa mgongoni, chini ya bega la kushoto. "Hapa aliungua kwa chungu cha uji, alipokuwa anajifunza kutembea. Kovu lake kama kiganja changu. Mimi naitwa Muahera. Mwambieni." Nikapepesa macho, hayupo. Majani aliyoyakanyaga yalikuwa yamesimama wima.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Mkubwa Zuhura, dada wa marehemu mama, ambaye umri wake ulishapita miaka themanini. Halima alikuwa bibi yake, na yeye, akiwa msichana, ndiye aliyemwosha alipofariki. Unajua mwosha maiti hasemi alichokiona mwilini, hata umchinje. Nikamwuliza kuhusu kovu.

Alinishika mkono mpaka kucha zikaniingia. "Eish, nani alikuambia? Mimi hata mume wangu sikumwambia!"

"Mama yake Halima," nikasema.

Akalia, nikalia, kisha tukacheka kama vichaa.

Tukamwita maalim wetu, Mkongomani, aje nyumbani kwa Mama Mkubwa, tukamwomba amsomee Halima talkini upya kwa jina la Muahera; yeye hakucheka. "Mama, talkini tunasomeaka mtu wa leo," akaniambia. "Huyu iko ndani ya udongo miaka mingi. Na ile kitu uliona, pengine iko jini."

Mama Mkubwa akamjibu pale pale kitini. "Jini ataujuaje mgongo nilioosha mimi kwa mikono yangu? Soma, maalim."

Maalim akakuna ndevu. "Sharp, Mama, nitasoma. Tutaiita dua."

Jumapili tulijaa makaburini, wakubwa kwa wadogo, Mama Mkubwa tumembeba na kiti chake. Maalim akapaza sauti, "Ewe Halima binti Muahera!" Wanawake wakapiga vigelegele, vigelegele makaburini, na hakuna aliyethubutu kuwanyamazisha. Wallahi, sijawahi kufurahi vile. Walitunyang'anya mama, wakatunyang'anya Bluff, na bado tulimpata!

Tangu siku hiyo sijamwona tena Muahera. Lakini upepo ukitulia pale kaburini, tunasikia wanawake wawili wakizungumza Kimakua, mmoja kijana, mwingine ajuza. Ajuza ndiye anayemwita kijana Mama.

Kwa hiyo nakuonya: kama kwenu yuko aliyezikwa binti Hawa kwa sababu hamkujisumbua kuuliza, msilale. Mama yake anapita hapo kila siku, na hatasimama mpaka mumtaje.