Kitu cha Mzee Kipriani

Mwaka 2014, Odilia, fundi cherehani wa Kibondo mjini, alikuwa hakai akatulia. Si kwamba alizaliwa mtulivu. Mteja akichelewa kuchagua shingo ya gauni, yeye humchagulia na kuanza kukata. Lakini mwaka ule alizidi. Alihangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia, na kisa chenyewe kilikuwa ndani ya sanduku la vipande vya vitenge, kimeviringishwa kwenye gunia.

Kilikuwa kitu cha mti, kikubwa kuliko ngumi mbili, cheusi kwa moshi wa miaka mingi. Kilichongwa kwa ufundi: tumbo nene, mdomo mwembamba, mistari ya kukatana mbavuni, na juu tundu la kupitishia kamba. Ndani kilishindiliwa nyasi kavu. Shangazi yake, Loyce, ndiye aliyemkabidhi siku ya kuondoa matanga ya babu kule Kumsenga. Alimwambia babu ameagiza apewe yeye, na kabla Odilia hajauliza lolote, shangazi akawahi kwenda kuosha masufuria.

Babu huyo, mzee Kipriani, ndiye aliyemlea Odilia tangu mama yake afariki. Alimbeba mgongoni hadi zahanati alipougua malaria, njiani akimwimbia ili asilale. Mtu wa namna hiyo ukiambiwa ni mchawi utacheka. Odilia naye alicheka mwanzoni. Kisha maswali yakaanza kumtafuna. Mbona babu hakutaka mtoto apande darini? Mbona akiulizwa habari za ujana wake alibadilisha mazungumzo? Na kitu chenye tumbo wazi kilichojazwa majani, kama si dawa ni nini? Asubuhi alimpenda marehemu, jioni akamwogopa, na alijichukia kwa yote mawili.

Mwezi wa saba habari zikaenea kuwa kamchape, wale wanaozunguka vijijini kufichua wachawi, wamefika kata ya jirani. Kila nyumba ilitakiwa itoe inachokificha. Nyumba itakayokutwa na kitu huezuliwa paa, na ukoo mzima hunyooshewa kidole. Godson, mumewe, mwalimu aliyehamishiwa Kibondo kutoka Mbeya, alikuwa mtu wa vitabu, lakini siku hiyo vitabu havikumsaidia.

"Kichome, yaishe," alimwambia mkewe.

Yangeishaje? Kikigeuka majivu, babu angebaki mchawi kichwani mwake mpaka naye aingie kaburini. Kuuliza Kumsenga hakuthubutu, maana neno moja tu lingetosha kumchomea shangazi nyumba. Basi siku ya soko akapanda bodaboda hadi Mabamba, kwa mtu asiyemjua yeye wala ukoo wake: Havyarimana, mzee kutoka ng'ambo ya mpaka, aliyechonga vinu na vyombo vya maziwa. Njia nzima aliushika mkoba kwa mikono miwili. Alipofika alizunguka soko mara tatu, akanunua vitunguu asivyovihitaji, ndipo akapiga moyo konde.

Mzee alikipokea, akakigeuza, akacheka mpaka akakohoa. Akachukua msumari na kuanza kuchokoa zile nyasi. Odilia alirudi nyuma hatua mbili, akitazama majani yakidondoka vumbini, na hakuna aliyeanguka. Nyasi zilipokwisha, mzee akakitikisa. Ndimi mbili za mti zikagonga kuta za ndani, sauti ikasikika hadi kwa wauza dagaa.

"Hii ni njuga ya mbwa, mwana wanje," alisema, akimwita mwanangu kwa Kirundi. "Mbwa wa kuwinda habweki akifukuza. Unamvalisha hii, unajua yuko wapi. Nyasi ni za kuinyamazisha mpaka mfike porini."

Akaongeza kuwa wazee wengi waliificha darini tangu askari wa wanyamapori walipoanza kukamata wawindaji. Halafu akamuuliza kama kwao hakuna hata mzee mmoja wa kumweleza jambo dogo kama hilo.

"Wapo," Odilia alijibu. "Niliogopa wasije wakaniambia ni kweli."

Hakurudi nyumbani. Alimwambia wa bodaboda ampeleke moja kwa moja Kumsenga, na njuga ikalia njia nzima mpaka dereva akaanza kununa. Furaha ilimjaa hata akataka kupiga kelele. Alimkuta shangazi uani akipepeta maharage, akaitikisa mbele yake, akamweleza yote bila kupumzika. Kamchape waje tu, alisema, ataitundika mlangoni.

Shangazi Loyce hakucheka. Aliweka ungo chini polepole, akakaa.

"Babu yako hakusema nikupe," alisema. "Nilikikuta darini, yeye bado mzima. Nikaogopa kukitupa, nikaogopa kukaa nacho. Nikakutupia wewe."

Odilia akamuuliza kama hakuwahi kumuuliza babu mwenyewe. Shangazi akatikisa kichwa. Odilia akafungua mdomo amkaripie, akakumbuka miezi mitano ya sanduku, akaufunga.

"Niliihama tu nyumba hii, nikamwachia yeye," shangazi aliendelea. "Nikawa namwekea ugali mlangoni, naondoka. Mwaka mzima alikula peke yake, na hakuniuliza hata siku moja kwa nini."