Ukurasa wa Ijumaa

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 2007, Mkurugenzi alinikabidhi funguo tatu, kitambaa cha kupangusia vumbi na kompyuta kumi na mbili zilizokuwa bubu. Zilikuwa zimepangwa kando ya ukuta kwenye ghorofa ya juu ya duka lake la misumari na rangi, mjini Nakuru, alipotaka kufungua cyber, mahali pa watu kulipia intaneti, na katika kumi na mbili zile ni moja tu iliyoweza kuingia mtandaoni. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na minane. Ujana wangu niliumaliza katika mitambo ya simu, hadi siku tulipoambiwa kwamba mashine mpya hazitutaki wengi kiasi kile.

Mkurugenzi, kama alivyojiandika kwenye kibao cha mlango, alizaliwa Nakuru katika familia ya Kalasinga, na Kiswahili chake kilikuwa cha mitaani hasa.

"Madam, umeshika waya miaka ishirini," aliniambia. "Hii itakushinda?"

"Sijawahi kuigusa, boss."

"Basi anza kuigusa polepole. Isipopona, tutauza rangi."

Vijana wa leo mnaobeba mtandao mfukoni huenda msielewe shida yetu. Tulikuwa na laini moja tu ya intaneti, nyembamba na ya mwendo wa kinyonga, na watu kumi na mmoja walioitaka wakati mmoja. Dawa yake ilikuwa seva ya proksi. Ni kompyuta moja inayosimama katikati kama karani wa dirishani: wateja wote wanampa maombi yao, yeye peke yake anatoka nje kuulizia, kisha anamrudishia kila mmoja jibu lake. Niliichagua mashine iliyokuwa na nguvu kuliko zote, nikaitia kadi mbili za mtandao, moja ikitazama nje kwenye modemu, kifaa kilichotuletea laini ya intaneti, na nyingine ikitazama ndani kwenye swichi, kile kisanduku cha taa ndogondogo kinachounganisha nyaya zote. Kisha nikaenda kiti kwa kiti, nikiandika kwenye kila kompyuta anwani ya seva na namba ya mlango wa kupitia. Ukikosea tarakimu moja, mteja anabisha kwenye nyumba isiyo na mtu.

Mchana wa siku ya nne, kompyuta ya mwisho ilipofungua ukurasa wake wa kwanza, picha ikishuka taratibu kama pazia, nilikaa chini nikaitazama. Niliwahi kuunganisha sauti za watu hadi London na Bombay, lakini hii ilikuwa ya kwangu. Mkurugenzi alipanda ngazi mkebe wa rangi ukiwa mkononi, akatazama, akashuka. Baadaye alituma chai na mandazi mawili. Kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba.

Kutafuta hitilafu nilijifunza mwenyewe, na kanuni yangu haikubadilika hadi nilipostaafu: anzia kwenye kiti cha mteja, uende ukitoka nje. Mteja akiita, kwa lile jina la mama walilonipa vijana, "Mathe, hii net imelala!", sikukimbilia modemu. Nilitazama waya nyuma ya kompyuta yake. Kisha niliituma kompyuta hiyo ikabishe hodi kwa seva. Seva ikiitika, basi ndani ya nyumba kuko salama, ugonjwa uko mbele. Kisha niliituma seva ibishe hodi huko nje. Pale hodi isipoitikwa, ndipo penye kidonda. Mara nyingi kidonda kilikuwa ni mguu wa mtu uliochomoa waya.

Proksi ilikuwa na kipaji kingine, na hapo ndipo nilipopotea njia. Kila ukurasa ilioleta, ilibaki na nakala. Mtu wa pili akiutaka ukurasa uleule, haikutoka tena, ilimpa nakala kutoka ghalani mwake. Kwa kawaida huuliza kwanza kama ukurasa umebadilika. Lakini mwanzoni mwa 2008, baada ya zile fujo za uchaguzi, tulipofungua duka tena, laini ilikuwa mbovu kuliko zamani, ikikatika kila saa, na mji umejaa watu wanaotafutana, wanaotafuta shule, wanaotafuta kazi. Niliwaonea huruma kwa kuwakalisha mbele ya kioo cheupe. Ijumaa moja ya Aprili, asubuhi, nikaiamuru seva itunze kurasa kwa wiki nzima bila kuuliza, na mteja akibonyeza kitufe cha kuupakia ukurasa upya, apewe nakala ileile.

Kasi ikawa ya ajabu. Wateja walishangilia.

"Madam, umeitia nini?" Mkurugenzi aliuliza. "Inakimbia kama imeibiwa!"

Nilijivuna. Sitaki kuwaficha hilo.

Jumatatu iliyofuata aliingia msichana aliyejitambulisha kama Chebet, kutoka Rongai. Alikuwa ameitwa na chuo cha uuguzi aanze Januari, lakini Januari barabara zilikuwa zimefungwa na yeye na jamaa zake wamekimbilia kwa shangazi. Sasa alikuwa amesikia kwamba chuo kitatoa orodha ya pili mtandaoni, ya wale walioshindwa kufika. Nikamfungulia ukurasa mwenyewe. Ulitokea kabla sijaondoa kidole. Alisoma majina kutoka juu hadi chini, akasoma tena, akabonyeza kitufe cha kupakia upya, akasoma mara ya tatu.

"Hakuna," alisema.

"Pole, mama. Utajaribu mwakani."

"Mwakani ni ya nani? Alhamisi naenda Naivasha, kukata maua shambani. Lori linapita asubuhi."

Aliondoka akiwa amenyoosha mgongo, na machozi yakimtoka hivyo hivyo.

Jumatano, baada ya chakula cha mchana, mwalimu mmoja mstaafu aliyekuja kila siku kusoma magazeti aliniita.

"Mathe, hebu kuja. Wewe unaniuzia chapati ya jana?"

"Kuna nini, mwalimu?"

"Hii gazeti ni ya Ijumaa. Jana pia ilikuwa ya Ijumaa. Ama Nakuru tumesimamisha siku?"

Watu walicheka, nami nikacheka nao. Kisha nikamkumbuka Chebet. Nilikwenda kwenye seva, nikafungua ukurasa wa chuo moja kwa moja, bila kupitia proksi. Ulichukua dakika mbili kushuka. Juu kulikuwa na maneno ambayo sikuwa nimeyaona: orodha ya pili, imewekwa Jumamosi. Na chini, namba thelathini na moja, Chebet wa Rongai. Aripoti kabla ya Ijumaa saa sita mchana, la sivyo nafasi itapewa mwingine.

Kwa hiyo kuna mtu aliyeufungua ukurasa ule Ijumaa iliyopita, ulipokuwa bado na orodha ya kwanza, ya walioripoti Januari, na mimi nikaufungia ghalani.

Nilishuka dukani. Mkurugenzi alikuwa akimpimia fundi misumari. Nilimweleza yote mbele ya yule fundi, maana nilijua nikingoja nitatafuta maneno ya kujitetea.

Mkurugenzi aliweka misumari chini. Kisha akavua aproni.

"Unamjua kwa sura?"

"Namjua."

"Panda pikapu."

Njiani, kwenye barabara ya Eldoret, hakunilaumu hata mara moja. Aliuliza tu, "Na hiyo kitu inaweza kuambiwa iulize kwanza?" Nikamwambia inaweza, na kwamba itakuwa polepole tena. "Wacha ikuwe polepole," akasema, akabadilisha gia.

Rongai tuliuliza kwenye duka la kwanza, tukaelekezwa ghala la mfanyabiashara wa nafaka. Chebet alikuwa amepiga magoti akishona mdomo wa gunia la mahindi, sindano ndefu mkononi, nywele zimejaa vumbi la makapi.

"Mathe wa cyber?" alishangaa. "Nilisahau nini?"

"Jina lako liko. Namba thelathini na moja."

"Niliangalia mara tatu."

"Uliangalia ukurasa wa Ijumaa. Mashine haikukupa mpya kwa sababu mimi niliizuia. Kosa ni langu, Chebet. Si lako wala si la chuo."

"Ni lake," Mkurugenzi alisema nyuma yangu, "lakini mimi ndiye nilimsifu."

Nilimpa karatasi niliyoichapisha. Aliisoma kwa kidole, akafika kwenye namba yake, kidole kikabaki hapo. Aliketi juu ya gunia. Nilingoja anitukane, na ningelipokea tusi lake kwa mikono miwili. Yeye aliinua macho akaniuliza:

"Na wale wengine?"

"Wengine gani?"

"Wenye waliangalia kama mimi. Wewe ulidhani ni mimi peke yangu nilikosa Januari?"

Kutoka hapo hadi mjini nilisikia swali lile tu, hata pikapu ikipiga kelele kiasi gani.

Proksi huandika kila ombi linalopita kwake: saa, kompyuta iliyoomba, ukurasa ulioombwa. Nilisoma maandishi hayo mstari kwa mstari. Tangu Jumamosi, ukurasa ule ulikuwa umefunguliwa na watu wanne. Kisha nikachukua daftari la mapokezi, nilimoandika nani amekaa wapi. Mteja nisiyemjua jina nilimwandika kwa alama, kwani nilidhani inatosha. Chebet alikuwemo kwa jina. Kijana mmoja wa Gilgil alikuwemo kwa jina na namba ya simu, tukampata kwa simu Alhamisi asubuhi, akapiga yowe hadi nikatoa simu sikioni. "Mama wa mapacha" nilimfahamu, alikuwa akiuza mboga mtaa wa pili. Alikuwa akimtafutia mdogo wake jina, na mdogo huyo aliripoti Ijumaa ikiwa imebaki robo saa. Chebet alikuwa amefika mapema, na sanduku la bati aliloazima kwa dadake.

Wa nne alikaa kwenye kompyuta namba saba, Jumanne saa nne na dakika kumi. Daftari langu lilisema: "dada wa sweta ya kijani." Nilibandika orodha mlangoni, nikasimama ngazini Alhamisi yote na Ijumaa hadi saa sita, nikiwatazama wapita njia. Hakuja. Amri yangu kwenye seva nilikuwa nimeshaifuta jioni ile ya Jumatano, na tangu wakati huo kila mteja aliandikwa kwa jina lake kamili, hata akinung'unika.

Nilifanya kazi pale miaka mingine mitano, kisha nikapelekwa tawi la Gilgil, chini ya Meneja mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, aliyeniita "mzazi" na kuniuliza kila kitu. Nyaya zilipisha antena, antena zikapisha simu. Nilipostaafu, Mkurugenzi alinipa mkebe wa rangi nipake nyumba yangu. Niliipenda kazi ile. Nilipenda taa ndogo za swichi zikipepesa asubuhi, na uso wa mtu barua yake inapofika.

Siku hizi naenda hospitali kupimwa presha kila mwezi. Muuguzi wa zamu akinifunga kile kitambaa mkononi, namwuliza alisomea wapi, na aliingia chuo mwaka gani. Wao hucheka, wakidhani ni maneno ya mzee anayetaka kuzungumza. Nawaacha wacheke. Nasikiliza mwaka, nikimtafuta yule wa kompyuta namba saba. Sweta yenyewe, najua, itakuwa imeshachakaa.