Aliyechukua Mzigo wa Mwalimu Nakundwa

Hili sikusimuliwa na mtu. Lilinikuta mimi mwenyewe, dukani kwangu hapa Same, saa saba mchana, jua linawaka na upepo unapeperusha vumbi kama kawaida yake. Sikuwa na homa wala usingizi. Nasema mapema kwa sababu nawajua watu: ukitaja mauzauza tu, wanakuuliza ulikuwa umekula nini. Nilikuwa nimekula wali na maharage, kama kila siku.

Kazi yangu ni kuwaagizia watu vitu kutoka China. Wauzaji wengi wa mtandaoni hawatumi mzigo mpaka huku kwetu, kwa hiyo napitia kwa wakala wa kusafirisha. Wakala ana ghala Guangzhou. Muuzaji anapeleka mzigo pale, wanaubandika alama ya mteja wangu, unakuja kwa ndege mpaka Dar, halafu unapakiwa kwenye basi na kondakta anaushusha hapa barabarani. Zamani nilijaribu kumpa muuzaji mmoja anwani yangu mwenyewe. Akachanganyikiwa, maana kwa Kiingereza Same ni kama kusema "ile ile". Akaniuliza, ile ile ipi? Nikaona isiwe tabu, nikamwachia wakala.

Sasa, Mwalimu Nakundwa. Anafundisha shule ya msingi kijijini Kisiwani, mwanamke mrefu wa kama miaka arobaini, na anaongea kama anayesahihisha daftari. Alinijia akitaka vifaa vya kusikia kwa ajili ya mama yake, anayeishi peke yake mlimani, Vudee.

"Dada, jiko la uani liliungua mwezi uliopita," aliniambia. "Majirani wanapiga mayowe, mama yumo ndani anachambua maharage. Hakusikia chochote. Nitafutie hivyo vifaa. Nataka anisikie kabla hatujazikana."

Nikaagiza. Ilichukua wiki tano. Siku kondakta aliposhusha mzigo, nilikuta boksi lake limebonyea kona moja. Nikalifungua, nikakagua, vifaa vyote viwili vilikuwa salama. Nikafunga ile kona kwa gundi ya karatasi ya kahawia. Kisha nikachukua simu nimpigie.

Sikumpigia. Simu ikiwa bado mkononi, niliinua macho nikamwona amesimama mlangoni.

"Habari za kazi, dada. Nimefuata mzigo wa mama."

"Umejuaje kama umefika?"

"Kwani haukufika?"

Akacheka, nami nikacheka. Ungefanya nini wewe? Alikuwa yeye. Sauti yake, urefu wake, kovu lake dogo juu ya nyusi. Alivaa gauni la kitenge cha kijani chenye ndege weupe, limeshonwa vizuri, limemkaa. Nikampa boksi. Akaliweka sikioni, kama mtu anayesikiliza saa ya ukutani kama inatembea. Kila mteja anapochukua mzigo mimi humpiga picha, ili kesho asije akasema hakupewa. Nikampiga. Akasema asante, akatoka.

Siku tatu baadaye, Jumamosi asubuhi, Mwalimu akaingia dukani amevaa sketi na sweta.

"Dada, mbona kimya? Mzigo wangu bado tu?"

Nilidhani ni utani. Nikamwambia, Mwalimu, usinitanie, watu watasikia. Hakuwa anatania. Akakunja uso. Akasema Jumatano saa saba alikuwa darasani, muulize mwalimu mkuu, waulize wanafunzi sitini. Sauti ikapanda. Wapita njia wakaanza kusimama, na mimi kazi yangu yote ni kuaminiwa tu, sina kingine. Nikafungua simu nikamwonyesha picha.

Aliiangalia kwa muda mrefu. Halafu akakaa juu ya gunia bila kukaribishwa.

"Huyu ni mimi," alisema.

"Si ndicho ninachokwambia?"

Alifungua mkoba, akatoa kitenge kimekunjwa, bado kina karatasi ya dukani. Kijani. Ndege weupe.

"Nimekinunua sasa hivi, nilipoteremka kwenye gari. Hata kwa fundi sijakipeleka."

Niamini, nilikikunjua kile kitenge kwa mikono yangu kutoka pindo mpaka pindo. Hakikuwa kimeguswa na mkasi.

Nikaangalia picha, nikaangalia kitenge, nikamwangalia yeye. Nikajiambia kuna mwenzake wa kufanana naye. Nikamuuliza kama ana pacha, au ndugu anayefanana naye. Akasema amezaliwa peke yake kwa mama yake, wa kwanza na wa mwisho. Kisha tukatazamana, nadhani wazo lilitujia pamoja. Mzigo ulikuwa wa mama. Na mama hapigiwi simu, hasikii.

Nilifunga duka. Tukakodi bodaboda mbili tukapanda Vudee. Njiani ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani, na kila tulipopinda kona nilikuwa naomba tusikute msiba.

Tulimkuta mama amekaa barazani, ametupa mgongo, anapukuchua mahindi. Nakundwa alinieleza siku zote humgusa bega kwanza ndipo ajue kuna mtu. Safari hii hakumgusa. Alisimama mbali, akasema kwa sauti ndogo, karibu ya kunong'ona:

"Shikamoo mama."

"Marahaba," mama akajibu bila kugeuka. "Umerudi tena? Umesahau nini?"

Alipogeuka, vifaa vilikuwa masikioni. Boksi lilikuwa dirishani, na ile gundi yangu ya kahawia kwenye kona.

"Nani kakuvalisha hivi, mama?"

"Wewe. Jumatano jioni. Umenivalisha, ukanipikia, tukaongea." Mama alianza kushangaa sasa. "Nakundwa, unaumwa?"

"Nilisema nini?"

Mama alinitazama mimi mgeni, akasita, kisha akasema. "Ulinieleza habari ya mazishi ya baba yako. Kwamba hukukosa gari kama ulivyotuambia. Kwamba ulikaa stendi ya Same siku nzima ukiogopa kupanda uje kumzika. Nami si nilikwambia nimekusamehe?"

Mwalimu alifunika uso kwa mikono. Alilia kilio ambacho sijui nikiite cha hofu au cha nini. Baadaye aliniambia neno hilo ni kweli, na hakuwahi kulitamka kwa mtu yeyote, hata kwenye maombi. Miaka tisa alikuwa amelibeba.

Sasa niambie wewe. Huyo aliyekuja alikuwa mbaya au mwema? Angekuwa mwizi, angepeleka mzigo kwa mwenyewe? Angekuwa jini mbaya, angemwombea mtu msamaha? Na kama ni mwema, kwa nini mpaka leo nikikumbuka namna alivyoliweka boksi sikioni nasisimkwa mwili?

Mwalimu alitaka vile vifaa vichomwe. Mchungaji aliitwa akaombea nyumba nzima. Mama akasema ombeeni mnavyotaka, lakini masikio yake hayatoi, amechoka kukaa kwenye ukimya. Kitenge kilirudishwa sokoni siku ile ile. Nani alikinunua baada ya hapo, sijui, ila nikiona kijani barabarani huvuka upande wa pili.

Kazi sijaiacha. Lakini siku hizi sitoi mzigo mpaka nimempigia mteja akiwa amesimama mbele yangu, nisikie simu inaita mfukoni mwake. Wateja wananicheka. Wacha wacheke.

Na huko Vudee mambo hayajaisha. Mama anasema kila Nakundwa anapokwenda kumsalimia, anamsikia akibisha hodi mara mbili. Mara ya kwanza anatoka mbio, anakuta uani hakuna mtu, kuku tu. Kama nusu saa hivi baadaye hodi inapigwa tena, na hapo ndipo anamkuta mwanawe. Siku moja nilipompelekea betri nilimuuliza, ile sauti ya kwanza na ya pili zinatofautianaje?

"Hazitofautiani," alinijibu. "Ndiyo maana siku hizi nangoja."

Basi na wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu wako unayemtarajia, na ukamsikia mlangoni kabla ya saa yake, usikimbilie komeo. Ngoja abishe tena.