Skrubu Moja Nyeusi

Kabla ya kuwasha mashine yoyote, alikuwa anainusa. Akiipokea kompyuta ya mteja, aliigeuza ubavu, akaisogeza puani mahali feni inapotolea hewa, akafumba macho na kuvuta pumzi moja fupi, kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Tabia hiyo hakuiacha hata Ijumaa ile ya mwisho, siku mbili kabla moyo wake haujasimama. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Pua, naye akaitika bila kinyongo.

“Mwenye mashine atakwambia haikumwagikiwa kitu,” alikuwa akisema. “Ataapa mpaka mate yamkauke. Mashine haina mdomo wa kuapia. Inanuka tu.”

Mpwa wake, binti wa dada yake, alikulia katika karakana hiyo. Kilikuwa chumba kimoja chini ya ngazi za jengo la ghorofa tatu, dari yake imeinama kuzifuata ngazi, hata mteja mrefu aliingia kama anayeomba radhi. Upande mmoja kulikuwa na meza ya Pua, iliyotandikwa blanketi la kijani ili skrubu zisidunde na kupotea. Upande wa pili alikaa fundi saa, mzee mnene ambaye kioo chake cha jicho kilikuwa kimemchimbia shimo la kudumu chini ya nyusi. Wawili hao waligawana kodi, chai na umbea kwa miaka thelathini na kitu.

Mama yake alipofariki, binti alikuwa na miaka tisa. Akitoka shule alikaa kwenye kigoda pembeni ya mjomba wake na kupewa kazi ya karatasi. Pua alichora umbo la mgongo wa mashine, na kila skrubu aliyoitoa, binti aliichomeka kwenye karatasi pale pale ilipotoka. Hakuna skrubu iliyoruhusiwa kulala mezani. Iliyokosekana ilipatiwa mwenzake kutoka kopo la maziwa ya unga. Mashine za wakati ule zilikuwa nyeusi, na skrubu zake nyeusi. Za kwenye kopo zilikuwa nyeupe, zinang’aa, na binti ndiye aliyezichagua.

“Kwa nini usitie nyeusi, Mjomba, zifanane?”

“Zikifanana nitakuwa nadanganya. Atakayefungua baada yangu ajue mkono wangu ulipita wapi.”

Mtoto alilikariri hilo kama alivyokariri anwani ya nyumbani: skrubu ya Pua ni nyeupe.

Alikua, akasoma chuo, akapata kazi ya kupanga kurasa za vitabu vya shule. Aliifanyia nyumbani, kwa kompyuta alizochaguliwa na mjomba wake, za bei poa, zilizokwisha kupita mikono miwili mitatu. Zote zilikufa vifo vinavyofanana. Bawaba zililegea mpaka kioo kikaegemezwa ukutani, au tundu la chaja likacheza, au feni ikaanza kulia kama mashine ya kusaga. Pua alizifufua, zikafa tena. Mwaka aliotimiza arobaini na mbili, bila kumwambia mtu, mpwa aliingia katika duka la vioo katikati ya mji akatoka na kompyuta nyembamba ya rangi ya fedha, ambayo bei yake hakuitamka kwa sauti hata alipokuwa peke yake.

Alimpelekea mjomba aione. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, au pengine lilikuwa heshima. Miaka baadaye bado hakuwa na hakika.

Pua aliinusa. Akainusa tena.

“Haina harufu,” alisema, kama daktari asiyesikia mapigo.

“Si mpya, Mjomba?”

“Mpya ina harufu ya mpya. Hii haina kabisa. Inaficha nini?” Aliigeuza, akapitisha kidole mgongoni. “Kumbukumbu yake imeungwa kwa lehemu kwenye bodi, huwezi kuiongeza. Betri imegandishwa kwa gundi. Hii haikutengenezwa ifunguliwe, mama. Kitu kisichotaka kufunguliwa mimi nakitilia shaka, kiwe sanduku, kiwe mtu.”

“Lakini kioo chake kinaonyesha rangi sawasawa. Mchapishaji akiniambia nyekundu, ni nyekundu. Na bawaba, hebu jaribu.”

Pua alifungua kifuniko kwa kidole kimoja. Kikapanda polepole, kikasimama.

“Basi umenunua kifuniko,” Pua alisema. “Hongera.”

“Mwache mtoto wa watu,” fundi saa aliingilia bila kuinua kichwa. “Wewe ungeuziwa pepo ya Mungu ungeuliza imegandishwa kwa gundi gani.”

“Ningeuliza. Kwa nini nisiulize?”

Wakacheka wote watatu. Lakini njiani mpwa alijiona amepigwa bei mchana kweupe, kisha akajiona mjinga kwa kujiona amepigwa.

Miezi ikapita, mashine ikafanya kazi bila manung’uniko. Kila Pua alipoiona aliuliza, “Bado inapumua?” na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesubiri msiba fulani. Kisha, kabla mwaka haujaisha, mgongo wa kompyuta ukaanza kutuna. Ikiwekwa mezani ilitikisika kama meza yenye mguu mfupi. Wakati huo mpwa alikuwa katikati ya kitabu cha hisabati kilichotakiwa kiwandani Jumatatu, kurasa mia mbili na zaidi za pembetatu na sehemu. Mashine ya kuazima hakuwa nayo. Duka la vioo lilimwambia asubiri wiki sita. Akabeba kompyuta yake Jumatano asubuhi, akainama chini ya ngazi.

Pua aliinusa, na safari hii akaipata harufu. Uso wake ulibadilika.

“Iache mpaka kesho.”

“Ni nini, Mjomba?”

“Nimesema iache.”

Alipoifuata Alhamisi asubuhi, ilikuwa imekaa sawa juu ya blanketi, bapa kama sahani. Pua hakumtania, hakuuliza kama inapumua. Alimkabidhi kwa mikono miwili na kusema, “Nenda kafanye kazi.” Alipomuuliza tena ilikuwa na nini, alijitia kutafuta bisibisi iliyokuwa mkononi mwake.

Mtu mwingine angeshukuru akaenda zake. Lakini huyu alilelewa na Pua. Nyumbani, kabla ya kuiwasha, aliigeuza na kuutazama mgongo. Skrubu kumi: tisa za rangi ya fedha, moja nyeusi.

Alikaa. Ingekuwa nyeupe angecheka, maana skrubu ya Pua ni nyeupe. Hii nyeusi ilitoka wapi? Nani mwingine aliifungua? Akaiwasha, ikaonekana nzito, kurasa zenye michoro zikijikokota, au yeye ndiye aliyekuwa akizihesabia sekunde. Akakumbuka kitu alichokiona asubuhi ile bila kukitilia maanani: chini ya meza ya mjomba, nyuma ya ndoo, blanketi la zamani limefunika kitu bapa, na ncha yake iliyochomoza ilikuwa ya rangi ya fedha.

Alikuwa ameshawasikia wateja wakipiga kelele karakanani: umenitolea kumbukumbu, umenibadilishia diski. Utotoni aliwachukia watu hao. Sasa maneno yao yalimrudia moja moja, na kila moja lilipata mahali pa kukaa.

Saa sita mchana Ijumaa ile alikuwa tena chini ya ngazi.

“Mjomba, umetoa nini humu?”

Pua aliinua macho. Fundi saa aliacha kupuliza vumbi kwenye saa ya mkono.

“Nimetoa vumbi,” alisema Pua.

“Hii skrubu si yangu. Na ile mashine chini ya meza ni kama yangu. Nakuuliza kwa heshima, kimetoka nini kikaingia nini?”

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo akabaki mteja wake. Wengine walifukuzwa, mmoja alirushiwa kopo. Mpwa alisubiri kufokewa; alitamani kufokewa. Pua alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akarudia kidole gumba mara mbili.

“Wapelekee wenyewe wakuangalizie,” alisema. “Wale wa vioo. Wana taa nzuri.”

Akaenda. Alipanda teksi kwa hasira, akashuka hasira imeshaanza kugeuka woga. Dukani fundi wa zamu, mwanamke wa makamo aliyevaa glavu nyembamba, alikataa kwanza, foleni ni ndefu. Mpwa alimwambia hataki kutengenezewa, anataka kuangaliziwa tu kama ameibiwa. Neno hilo lilifungua mlango. Mwanamke aliwasha taa, akaondoa skrubu kumi, akainua mgongo.

Ndani kulikuwa safi kuliko meza ya duka lenyewe. Juu ya betri kulikuwa na kipande cha karatasi kilichokunjwa mara mbili.

“Kila kitu ni chake,” fundi alisema baada ya kulinganisha namba. “Betri tu si iliyokuja nayo, lakini ni ya asili, imetoka kwenye mashine nyingine ya aina hii. Yako ilikuwa imevimba, nadhani. Aliiwahi. Ingepasua kioo. Nani amekufanyia?”

Mpwa alikuwa ameshaifungua karatasi. Ulikuwa mchoro wa mgongo wa kompyuta, vitundu kumi mahali pa skrubu, na pembeni ya kimoja mwandiko wa mjomba wake, herufi zimesimama kama misumari: *Hapa hapakuwa na kitu tangu dukani. Nimetia yangu.*

“Ilitoka kwenu na skrubu tisa,” alisema polepole.

Mwanamke aliitazama karatasi, akatazama mlango wa ofisi ya meneja. “Huwa inatokea,” alinong’ona, akaanza kufunga.

Aliporudi karakanani ilikuwa alasiri, na Pua ametoka kununua lehemu. Fundi saa alikuwa peke yake.

“Umeridhika?” aliuliza bila kumtazama.

“Babu, kwa nini hakuniambia?”

“Angekuambiaje? Ile ya chini ya meza aliinunua ikiwa maiti, imemwagikiwa maji, mwezi ule ule ulioleta yako. Kaifungua hapa kipande kipande, akitafuta mahali ulipopigwa. Nikishapaona, alisema, nitamwonyesha. Wiki nzima! Hakupaona. Kila waya umelazwa kama mtoto. Aliona haya, huyu bwana, akaifunika blanketi.” Alivua kioo cha jicho. “Juzi akakutolea betri humo. Skrubu za fedha alikuwa nazo kumi kutoka kwenye maiti hiyo. Nikamwambia tia moja yao, nani atajua? Akaniuliza kama nina wazimu.”

Hapo ndipo ilipomwingia. Enzi zile mashine zilikuwa nyeusi, na Pua akatia nyeupe. Mashine hii ilikuwa ya fedha, basi akatia nyeusi. Mwizi angetia ya fedha. Yeye, aliyezichagua kwa vidole vyake kutoka kwenye kopo, alikariri rangi akasahau sababu.

Pua aliingia akiinamisha kichwa, ingawa yeye hakuwa mrefu kiasi cha kuhitaji kuinama. Alimwona, akaona na kompyuta.

“Mjomba, nimekukosea.”

“Wameifungua?”

“Wameifungua.”

“Lete hapa.” Aliichukua kabla mpwa hajamaliza kumpa. “Wale siwaamini. Nione wamechukua nini.”

Akainusa, macho yamefumba. Akatandika karatasi, akaanza kuchora. Mpwa alivuta kigoda, na skrubu ya kwanza ilipotoka alinyoosha mkono kama zamani, naye Pua, baada ya kusita kidogo, akamwekea kiganjani. Walifanya hivyo mpaka ya kumi.

“Basi ina thamani ya ile bei?” mpwa aliuliza, ili kuwe na neno hewani.

“Sijui.” Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema hivyo. “Imefanywa na watu wanaojua kazi. Halafu mmoja wao akasahau skrubu, na kwa bei ile hakuna aliyehesabu. Wewe nawe unanawa mikono kabla ya kuigusa, nimekuona. Zile zangu ulikula wali juu yake. Ungezishika vile, pengine zingeishi.”

“Na bawaba?”

“Bawaba ni nzuri,” alikubali kwa shida. “Bawaba siipingi.”

“Iandike hiyo, na tarehe yake,” fundi saa alisema.

Pua alichungulia ndani kwa tochi muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Hakuna kilichochukuliwa. Alirudisha mgongo, akazikaza skrubu moja baada ya nyingine, ile nyeusi mwisho, akaifuta kwa mkono wa shati. Mpwa alitaka kusema tena kwamba amekosa, aseme vizuri zaidi, lakini kitabu cha hisabati kilikuwa kinamsubiri na alidhani Jumatatu atakuja na maneno yaliyopangwa. Alisimama, akainama kuipita dari. Pua alimpa kompyuta, mgongo juu, wala uso wake haukuonyesha kama anatania.

“Zihesabu kabla hujatoka.”