Shangazi, Refa na Kiko Chenye Gololi

Shangazi yangu hulipwa kwa kupiga watu migongo. Nilipowaambia wenzangu darasani walicheka, na mmoja akauliza kama anachukua wanafunzi. Lakini ni kweli. Yeye ni mtaalamu wa fiziotherapia katika wodi ya vifua, na wagonjwa wake ni watu ambao makohozi yamewajaa mapafuni, mazito kama uji uliopoa. Anakunja kiganja kama anayeteka maji, kisha anapiga mgongo taratibu, pu, pu, pu, mpaka yaliyoganda yaachie na mtu akohoe. Hata Jumapili akisinzia kwenye kochi, mkono wake huendelea kupiga mto.

Ufunguo wa nyumba ulikuwa mmoja na alikuwa nao yeye, kwa hiyo nikitoka shule nilipitia wodini. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha. Pazia la kijani lilivuta pumzi likaitoa, likavuta tena. Alasiri ile wodi nzima ilikuwa kama imezama chini ya maji: oksijeni ikibubujika kwenye vichupa vya ukutani, watu wakisinzia vinywa wazi, na upande wa pili mtu akikohoa kama anayebisha hodi kwenye nyumba ya mbali. Nikifumba macho niliona kwamba wote mle ndani tunapumua kwa pafu moja kubwa, na mimi nimo ndani yake.

Kitanda cha karibu na dirisha kilikuwa cha mzee tuliyemwita Refa, kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya ujana wake wote. Alikuwa mwembamba, miguu mirefu, na bado alikuwa na tabia ya kunyoosha kidole mtu akikosea. Siku moja Shangazi alipokuwa anamsikiliza kifua, mzee alinikuta nimekodoa macho.

"Mpe na yeye asikilize," Refa akasema. "Kiingilio bure."

Nikaweka ile stetoskopu masikioni. Sikujua mtu anaweza kuwa na sauti nyingi hivyo ndani yake. Kulikuwa na maji yanayochemka chumba cha tatu, na mtu anayetembea polepole juu ya majani makavu.

"Unasikia nini?" akaniuliza.

"Kuna mtu anatembea humo."

"Mwambie atoke, nimeshampa kadi nyekundu."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikutoa kitu.

Refa alikuwa anataka jambo moja tu, kurudi nyumbani. Mkewe alikuwa huko, miguu haimruhusu kuja hospitali, na jirani ndiye aliyekuwa anamwangalia. Kila jioni walizungumza kwa simu, na kila jioni mama yule aliuliza swali lilelile: lini? Daktari alikuwa ameshasema wazi kwamba Refa atatoka siku atakayoweza kusafisha kifua chake mwenyewe. Mikono ya Shangazi ilikuwa inamsaidia, sawa, lakini mikono ya Shangazi haiwezi kufungwa kwenye mfuko akaenda nayo.

Wakati huohuo hospitali ilikuwa imeleta vifaa vya kujaribiwa, na Shangazi ndiye aliyetakiwa kuvilinganisha. Kimoja kilikuwa chupa yenye maji na mrija. Mgonjwa anapuliza, mapovu yanapanda, na ule mpwitompwito unarudi mpaka kifuani. Kingine kilikuwa fulana nene iliyounganishwa kwa mirija ya mpira na mashine. Mashine inaijaza hewa na kuitikisa, na mtu aliyeivaa akiongea anatoa sauti kama yuko kwenye barabara ya mashimo. Cha tatu kilikuwa kidogo, kinaenea kiganjani, kimekaa kama kiko cha mvuta tumbaku. Ndani yake mna gololi ya chuma. Ukipuliza, gololi inarukaruka, pumzi inatetemeka, na makohozi yanang'oka kwenye kuta za mapafu. Shangazi alimpa kila mgonjwa vyote kwa zamu, akapima kilichotoka kwenye kikombe chenye mistari, akasikiliza kifua kabla na baada, kisha akauliza: umechoka? Umekipenda?

Watu hawakufanana hata kidogo. Mwalimu mmoja alipenda chupa kwa sababu mapovu yalimtuliza. Kijana wa kitanda cha mlangoni aliikataa fulana, akasema inamkandamiza kama ana deni nayo. Refa yeye aliipenda fulana.

"Hi-i-i-i ndi-i-i-yo," alisema akitikisika, macho ameyafumba, na kikombe kikapata kitu.

Tatizo ni kwamba fulana na mashine yake ni mali ya wodi, na kule kwake umeme huja ukipenda. Chupa nayo ilimshinda. Mkono wake ulikuwa unatetemeka, maji yakamwagika shukani kila mara. Kilichobaki ni kiko.

"Sijavuta sigara maisha yangu yote," alilalamika. "Leo uzeeni mnanipa kiko!"

"Hiki hakivutwi mzee wangu, kinapulizwa."

"Kupuliza? Mwanangu, unamfundisha samaki kuogelea?"

Akapuliza. Prrip! Gololi ikaruka mara moja, ikatulia. Prrip! Prrip! Kikombe kikavu. Kesho yake vilevile. Daktari alipita, akaangalia kikombe, akasema taratibu kwamba basi itabidi aendelee kukaa. Refa aligeukia dirishani, na jioni ile simu ilipolia aliiacha ikalia mpaka ikanyamaza.

Njiani kurudi nyumbani nilimwona Shangazi usoni kwamba alikuwa ameshaamua kiko hakimfai Refa. Tulipofika akaanza kuosha vyombo, mimi nikifuta. Dirisha la jikoni linatazama uwanja wa mpira, na watoto wa mtaa walikuwa wanacheza. Filimbi ikalia huko. Prrip! Shangazi akasimama na sahani mkononi, povu likimchuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Umesikia?"

"Faulo," nikasema.

"Siyo faulo! Ile pumzi! Fupi, kali, inakatika." Akaiweka sahani chini. "Yule baba anapuliza kiko kama anapiga filimbi ya faulo. Miaka yote hiyo amekizoeza kifua chake kupiga kwa ghafla. Gololi inataka pumzi ndefu, ya polepole, na mimi nimesimama pale nahesabu mate badala ya kumtazama mdomo!"

Tukabaki dirishani. Jua lilikuwa limelala juu ya nyasi, watoto wakawa vivuli virefu vinavyoogelea kwenye vumbi la dhahabu. Mwishowe yule aliyeshika filimbi akapuliza nyingine, ndefu, ndefu kabisa, ikapita juu ya mapaa na kwenda zake.

"Hiyo," Shangazi akanong'ona. "Hiyo hapo."

Kesho yake alivuta kiti, akaketi uso kwa uso na Refa.

"Mzee wangu, leo sitaki ya faulo. Nipigie ile ya kumaliza mpira."

Refa akakiweka kiko juu ya shuka.

"Hiyo siipigi hapa."

"Kwa nini?"

"We unaona mahali penyewe hapa? Watu wangapi wamemalizia mpira wao humu? Mimi wangu haujaisha. Ya mwisho siipigi."

Shangazi hakucheka, wala hakumwambia hayo ni mambo ya kijinga.

"Nikuulize kitu," akasema. "Refa asipopiga ya mwisho, nani anaenda nyumbani?"

Mzee akakigusa kiko pale shukani.

"Hakuna," akasema. "Wote wanabaki uwanjani."

Akakichukua kiko. Shangazi akamnyoosha mgongo, akamwambia asivimbishe mashavu, akakiinua kiko kidogo kwa ncha ya kidole. Refa akavuta hewa, akaishikilia, akaiachia polepole. Gololi ikaanza kuimba. Haikuwa filimbi, ilikuwa kama nyuki waliofungiwa kwenye chungu, sauti ikaenda, ikaenda, pazia likajaa upepo, na mimi nikasahau kupumua. Alirudia tena na tena. Kisha Shangazi akamwambia atoe pumzi ya haa, mdomo wazi, kama anayetia ukungu kwenye kioo. Haa. Haa. Halafu kikaja kikohozi kutoka chini kabisa, na kikombe kikapata kitu kizito.

"Goli," Refa akasema kwa sauti iliyokwaruza, machozi yakimtoka.

Hakupona siku ile. Makohozi si mgeni wa kuaga na kuondoka. Lakini alipuliza asubuhi na jioni bila mkono wa mtu, na kila siku yule mtu wa majani makavu alikuwa mbali zaidi. Daktari alisikiliza mgongoni, akasikiliza tena, akasaini.

Mtoto wake wa kiume alikuja na gari. Shangazi akainama dirishani kumpa Refa maagizo: upulize kiko kabla ya chai, ukae wima, ukioshe kwa maji ya moto, ukikianika usikifunike.

"Na mwenzangu akiniona nina kiko akanicheka?"

"Mwache acheke. Na wewe ucheke naye, utakohoa vizuri zaidi."

"Basi nitapona haraka," Refa akasema. "Yule akicheka hanyamazi." Akamgusa kijana wake begani. "Twende, baba. Ananingoja."