Vijiti vya Cucu Nyawira

Gunia likilowa lina harufu yake: katani, udongo, na viazi vilivyooza. Juzi nilipita nyuma ya soko, pale Nyeri mjini, harufu hiyo ikanipiga puani nikasimama kama aliyeitwa jina. Hasira ikanipanda papo hapo. Miaka yote hii, na bado inapanda.

Nilikuwa na miaka tisa. Mama aliuza viazi sokoni, na magunia yake yalioshwa na Cucu Nyawira. Cucu ni nyanya kwa Kikuyu, lakini huyu hakuwa nyanya wa mtu yeyote tuliyemjua. Aliishi chini ya daraja la mto Chania, kwenye kibanda cha nailoni na mabati mawili. Alikuwa mcheshi, mkali kwa uchafu, na gunia likitoka mkononi mwake ungeweza kulilalia.

Kwenye ukingo wa mto alikuwa amepanda vijiti vitatu, kimoja karibu na maji, vingine vikipanda mlima, kila kimoja kimefungwa kitambaa chekundu. Nilimwuliza ni vya nini.

"Mvua ya hii mto hainyeshi hapa, mami," aliniambia; kila msichana kwake alikuwa mami. "Inanyesha huko juu Nyandarua, na hapa ni jua tu. Sasa hiyo kijiti ya chini ikilowa, nabeba vitu yangu. Ya katikati ikilowa, mimi niko barabarani. Ya juu sijawahi kuona ikilowa, na sitaki!"

Akacheka, nami nikacheka.

Kisha tukasikia mkubwa fulani anakuja kuzindua sijui nini, na mji lazima ung'ae. Ijumaa moja shule nzima tukapelekwa mtoni kufanya usafi. Cucu hakuwepo, alikuwa amepeleka magunia Karatina. Tulifyeka nyasi, tukaokota karatasi, na mwalimu akaelekeza kidole kwenye vile vijiti. "Hiyo takataka nayo!"

Mimi nilijua ni vya nini. Ningesema. Lakini mwalimu alikuwa ananitazama, basi nikaving'oa kwa mikono yangu, vyote vitatu. Jioni tukapewa soda na mandazi, tukapigiwa makofi eti sisi ni watoto wa kupigiwa mfano.

Mandazi nikayaacha. Nikarudi mtoni mbio, nikavitoa vijiti kwenye rundo la taka ili nivirudishe kabla Cucu hajafika. Chini karibu na maji kulikuwa na mawe, vijiti vikakataa kuingia. Nikapanda juu kidogo, penye udongo laini, nikavisimika vizuri, nikavifunga vitambaa upya. Nilirudi nyumbani nikiruka kwa furaha.

Jumamosi mchana mama alinituma magunia. Jua lilikuwa kali. Nilipofika darajani nikaona maji yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, yanabeba matawi. Cucu alikuwa ameinama anasugua, mgongo kwa mto.

"Cucu! Maji!"

Akainua kichwa. Hakutazama mto, alitazama vijiti vyake. Ukingo ulikuwa umefyekwa mweupe, hakuna kichaka wala jani la kumwonyesha kwamba vimehama. Kijiti cha kwanza kilikuwa bado kikavu.

"Bado, mami!" akanijibu, akaanza kukusanya magunia ya watu.

Walimpata siku ya pili, huko chini.

Afisa mmoja alikuja kwenye mazishi, akasema wananchi walionywa kwa simu, kwa redio na makanisani. Cucu alikuwa na simu gani? Kisha akatikisa kichwa kwa huzuni na kusema ajali haina kinga. Haina kinga! Kinga alikuwa nayo, vijiti vitatu, na ninyi ndio mliotutuma tuving'oe. Nilimwambia mwalimu nilichofanya. Akanishika bega, akaninong'oneza ninyamaze, nisiitafutie shule kesi. Nikanyamaza.

Kwa miaka mingi niliamini nimemuua peke yangu. Ilibidi niwe na binti wa miaka tisa ndipo nielewe. Mji mzima ulikuwa na watu wazima, wenye magari na ofisi, na katika wote hao aliyekumbuka kwamba Cucu anahitaji kujua maji yakija alikuwa mtoto mmoja, na mtoto huyo hakujua kupima. Sijajisamehe. Lakini wao siwasamehe kabisa.

Hiyo juzi niliteremka hadi chini ya daraja. Kuna watu wanaishi pale, mama mmoja na wanawe wawili. Nikamwuliza anajuaje mto ukijaa. Akanyoosha mdomo tu kuelekea ukingoni: vijiti, na vipande vya nailoni ya buluu.

Jumamosi hii wametangaza usafi tena. Mimi nitakuwa pale kabla yao, nimesimama kando ya kile cha chini, miguu majini ikibidi. Atakayetaka kuking'oa aanze na mimi.